Kwenda ukweni Newala mwezi Desemba: panga nyumba kwanza, safari baadaye

Mwaka wa kwanza nilipokwenda ukweni Newala, mkoani Mtwara, nilipanga kila kitu isipokuwa kile kilichotakiwa kupangwa. Gari lilifanyiwa sevisi, watoto walinunuliwa nguo za Krismasi, mama mkwe alipata doti mbili za kanga kutoka Kariakoo. Siku ya nne ndipo tulipokwenda kumsalimu kaka mkubwa wa mama mkwe. Tulimkuta barazani anapasua mianzi. Alitupa vigoda, akaitikia shikamoo zetu moja moja, akarudi kwenye mianzi yake. Baadaye akasema bila kuinua uso: "Jumamosi nilisikia gari linapita hapa. Nikajua ni lori la chama cha msingi linafuata korosho."

Nikacheka, nikidhani ananitania. Mke wangu hakucheka.

Mimi ni mtu wa Singida. Kwetu ukishamsalimu baba mkwe na mama mkwe umemaliza, waliobaki utaonana nao njiani. Kusini si hivyo. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera wamezoea kuhesabu ukoo upande wa mama, na ingawa dini, shule na fedha za korosho zimebadilisha mengi, mjomba bado ni mtu mzito. Ndiye aliyekaa kwenye posa ya mkeo, ndiye atakayeitwa mkigombana. Ukimpita siku nne umempita mwenye mali. Tangu hapo naipanga safari hii kwa nyumba: nani anasalimiwa kwanza, nani anafuata, kila mmoja anapewa nini. Barabara na tiketi huja baadaye, na kwa kweli ndizo kazi nyepesi.

Katikati ya Novemba: daftari

Kaa na mwenzako jioni moja, muandike kila nyumba mtakayoingia. Usiandike majina ya watu tu, maana watu wanne wanaweza kukaa nyumba moja, na shangazi mmoja anaweza kuwa na nyumba mbili. Yetu ya mwaka jana ilikuwa na nyumba 12. Kisha zipangeni kwa zamu. Utaratibu unaotufaa sisi ni huu: nyumba ya mama mkwe mnapofikia, nyumba yenye msiba tangu mlipoondoka mara ya mwisho, mjomba mkubwa, bibi, kama hakai na mama mkwe, wajomba wengine na mama wadogo, upande wa baba mkwe, halafu mashemeji na mawifi, ambao wengi watawafuata wenyewe mlipo.

Nyumba ya msiba isiwekwe nyuma hata kama marehemu alikuwa ndugu wa mbali. Mkono wa pole hauchelewi, hata ukija baada ya miezi minane, ila ukiingia kijijini ukala sikukuu kwanza ndipo ukatoe pole, umeharibu. Kwa hiyo swali la kwanza kwenye simu kwa mama mkwe liwe: "Mama, tangu tuondoke nani hatunaye?" Atakutajia wengine ambao mkeo mwenyewe hakuambiwa.

Hapohapo muulize kuhusu korosho. Wengi wa mjini hawaulizi hili na linawagharimu. Minada huanza Oktoba na kuendelea hadi karibu na mwisho wa mwaka au zaidi. Mkulima hupeleka korosho kwenye chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima, zinaingia ghalani kwa stakabadhi, zinauzwa mnadani, na fedha huja benki baadaye. Kati ya kupeleka na kulipwa kuna kipindi cha kusubiri. Mkifika wakwe wameshalipwa mtakuta mbuzi, mabati mapya na pikipiki mlangoni, na mtakuwa wageni wa kweli. Mkifika hawajalipwa, ninyi ndio sikukuu yenyewe. Mwaka 2018, wanunuzi na wakulima waliposhindwana bei, Serikali ilitangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapelekwa kuibeba. Krismasi ile wengi walikuwa bado wanasubiri malipo. Tulifika na bajeti ya "wenyewe wana hela za korosho mwaka huu", tukaondoka tumekopa nauli kwa shemeji. Siku hizi mke wangu anauliza kwa upole tu: "Mnada wa ngapi wenu umelipwa?" Jibu ndilo linaloamua uzito wa mizigo.

Na jueni kwamba Desemba kijijini si likizo. Mvua za kusini ni za msimu mmoja, zinaanza kushika Novemba mwishoni au Desemba, na mtu asiyepanda mahindi na mbaazi zake wiki hizo anajua njaa yake itakaa wapi. Mtawakuta wenyeji wako shambani hadi saa sita. Ule usemi wa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, mimi nimeuishi na malengelenge nilipata. Bebeni nguo za shamba na viatu vya kufunika vidole, na mkiambiwa "nyinyi pumzikeni tu", nendeni.

Mambo mawili ya kukubaliana kabla ya kuondoka

La kwanza ni fedha. Wekeni kiasi cha juu cha kugawa, kiandikeni, na mmoja wenu awe ndiye mshika mfuko. Sisi mshika mfuko ni mke wangu, kwa sababu mimi nikiombwa na shemeji mbele ya watu siwezi kusema hapana, na yeye anawajua tangu wakiwa na kamasi. Anayeombwa ambaye si mshika mfuko ana jibu moja: "Ngoja niongee na mwenzangu." Si uongo, na kijijini wanalielewa.

La pili ni zito zaidi: watoto na unyago au jando. Ngoma hizi hufanyika zaidi shule zikifungwa, kwa hiyo Desemba ni wakati wake. Kama mna binti wa miaka tisa, kumi na kuendelea, kuna siku bibi au mama mkubwa atasema, "Huyu sasa mwacheni huku wiki mbili." Kwake ni zawadi anampa mjukuu. Ninyi mnaweza kukubali, mnaweza kukataa, mnaweza kukubali sehemu: mafunzo ya heshima na usafi sawa, mambo ya chumbani bado. Msije tu mkaanza kubishana ninyi wawili mbele ya bibi. Sisi tuliamua kukataa, na mke wangu ndiye aliyemwambia mama yake, peke yao, jikoni. Ningelisema mimi, lingekuwa "mkwe anadharau mila zetu". Kwa wavulana ni rahisi kidogo, wengi siku hizi wanatahiriwa hospitali, lakini jando lina mafunzo yake na mjomba atauliza.

Mkialikwa kwenye ngoma ya kutoka kwa mwali wa ndugu, nendeni. Bebeni noti ndogondogo za kutunza. Noti kubwa moja haikusaidii, maana utaitwa uwanjani mara tano.

Vifurushi

Mgeni wa kutoka Dar anatarajiwa na mkate. Sijui ni kwa nini hadi leo, mikate inaokwa Newala na Masasi, lakini nimejaribu kwenda bila mkate na shangazi akaangalia mfuko mara mbili. Beba michache, uiweke juu ya mizigo. Mwaka mmoja yetu ilikaa chini ya sanduku kutoka Mbagala, ikafika imekuwa chapati.

Kwa kila nyumba naandaa kifurushi kilekile ili pasiwe na wa kuhesabu: sukari kilo 2, mche wa sabuni, pakiti ya majani ya chai na chumvi. Nyumba 12 ni sukari kilo 24, maana yake mfuko mmoja wa kilo 25 unatosha na kilo moja inabaki ya chai yenu. Sukari na mchele vinunulieni Masasi mkishafika. Kubeba mfuko wa sukari zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar ni kuumiza springi bure. Kanga na vikoi ndivyo vya kununua Kariakoo, kwa sababu ya uchaguzi.

Zaidi ya kifurushi wapo watu wa pekee. Mama mkwe: doti ya kanga, na jina la kanga lisome vizuri kabla hujalipa. Kuna maneno ya kanga ambayo mkwe hampi mama mkwe hata kwa bahati mbaya. Tafuta yenye dua au shukrani. Mjomba mkubwa: kikoi au shati, pamoja na bahasha, na bahasha hiyo apewe na mume kwa mikono miwili, mke akiwa amekaa. Bibi: shuka nzito, kwa sababu Newala iko juu kwenye uwanda na usiku wa mvua kuna baridi ambayo mtu wa Mtwara mjini haijui. Bibi yetu anavuta ugoro, tunampelekea na huo. Watoto wote wa ukoo: pipi, na noti za elfu moja kwa wale watakaokuja kusalimia siku ya sikukuu wakiwa wamevaa vizuri na hawana haraka ya kuondoka.

Noti hizo ndogo zitafute benki Dar. Wiki ya Krismasi mawakala wa fedha za simu vijijini huishiwa fedha taslimu, na elfu kumi haina chenji hadi Januari.

Barabara

Kutoka Dar hadi Mtwara ni kilomita kama 560. Wa basi wakate tiketi mapema, ya kwenda na ya kurudi siku hiyohiyo, kwani mwanzoni mwa Januari wanafunzi, walimu na wafanyakazi wote wanarudi kwa wakati mmoja. Hakikisha tiketi ina jina lako na namba ya kiti. Mwaka mmoja tulikuta viti vyetu vimeuzwa mara mbili na basi, jina nalihifadhi, na mke wangu akasafiri hadi Nangurukuru akiwa amekaa juu ya ndoo yenye zawadi za mama yake.

Kwa gari binafsi, toka Mbagala saa kumi na moja alfajiri. Mtapita Kibiti na Ikwiriri, mtavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, ambalo kabla halijafunguliwa mwaka 2003 watu walikuwa wakingoja kivuko. Wazee wa huko watawasimulia habari za kulala Ndundu, kwenye kivuko hicho. Somanga simameni kwa samaki wa kukaanga. Nangurukuru jazeni mafuta. Kisha Lindi, na mbele yake Mingoyo, ndipo njia inapogawanyika: kushoto Mtwara, kulia Masasi. Kwenda Newala sisi huchukua ya Masasi, kwa Mtama, Nyangao na Ndanda, lami hadi Masasi mjini, tunanunua sukari, tunapanda Newala. Ile ya Mtwara kupitia Nanyamba na Tandahimba ni nzuri kama mna ndugu wa kusalimia huko, lakini imekuwa na vipande vya ujenzi. Piga simu kwa mtu aliyepita wiki hiyo.

Ulizeni pia hali ya madaraja ya Kilwa. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ilikatika maeneo ya Somanga na mikoa ya Lindi na Mtwara ikabaki imetengwa na Dar. Desemba mvua huwa hazijafikia ukali huo, ila akiba ya maji, biskuti na fedha ya kulala njiani usiku mmoja haina hasara.

Siku ya kufika

Fikeni kabla ya magharibi. Ukifika usiku unawaamsha watu wa shamba na hakuna anayekuona vizuri, na kuonekana ni nusu ya shughuli. Mke atangulie kushuka. Mwanamume akimsalimu mama mkwe asimkaribie sana, ainame kidogo, asubiri kukaribishwa kiti. Kwa wakwe zangu mkwe wa kiume haingii chumba cha mama mkwe na hakai kitandani kwake hata kama nyumba imejaa. Mkwe wa kike, yaani kama ukweni ni kwa mume, atarajiwe jikoni tangu jioni ya kwanza, kanga kiunoni, hata akiambiwa apumzike.

Mama mkwe wangu hajawahi kuniita kwa jina. Naitwa Baba na jina la mtoto wa kwanza, na mimi namwita Mama. Mjomba namwita Mjomba, kama anavyoitwa na mke wangu. Mashemeji ndio wa utani: watakuuliza umekuja na ng'ombe wangapi waliobaki kwenye mahari, nawe una haki ya kuwaambia hujamaliza kuwahesabu. Utani huo uishie kwao, usiuvushe kwa wazee.

Mizigo isifunguliwe hadharani jioni hiyo. Mpe mama mkwe mkate na vya jikoni, vingine vikae chumbani. Ukifungua sanduku mbele ya majirani, vifurushi 12 vitakuwa 20.

Mzunguko wa nyumba

Kesho yake asubuhi, kabla watu hawajaenda shambani, nendeni msibani. Mkitoka huko nendeni kwa mjomba siku hiyohiyo. Nyumba tatu kwa siku ndio mwisho. Ya nne mtaingia mkiwa mmeshiba na mwenyeji ataona mnakataa chakula chake. Sheria ya chakula ni hii: kila nyumba mnakula, kidogo, na mnakula vya kwao. Ugali wa muhogo kwa kisamvu kilichoungwa kwa korosho zilizotwangwa ni chakula ambacho nakifuata safari nzima. Ming'oko, vile viazi vyembamba vya porini vinavyochemshwa na chumvi, watoto watavipenda kuliko biskuti. Kuna maembe, kuna mabibo ya mwisho mwisho, kuna kochoko, yaani mabibo yaliyokaushwa. Ukisikia "samaki nchanga", jua si samaki, ni panya wa shambani. Wako wanaokula na wasiokula, hakuna anayelazimishwa, ila usikunje uso.

Uraka, pombe ya mabibo, mkwe atakaribishwa. Onja ukitaka, lakini asiyeendesha ndiye aonje, na ukiletewa kitu cheupe kwenye chupa ya maji hiyo ni gongo, achana nayo.

Ukoo wetu una Waislamu na Wakristo chini ya paa moja. Siku ya Krismasi kuku na mbuzi anachinja shemeji Mwislamu, tangu asubuhi, na sufuria za pilau zinakuwa za wote. Kama ninyi ni Wakristo mnaoleta mnyama wenu, msije mmeshamchinja.

Mjomba siku hizi tunafika kwake siku ya pili bila kukosa. Bado hajaniachia. Akituona tunaingia uani anamwambia mkewe, "Weka maji, lori limekuja."

Maji, malaria na kulala

Uwanda wa Makonde una shida ya maji tangu zamani. Maji ya chini yako mbali, na nyumba nyingi zinakinga mvua kutoka batini na kuihifadhi kisimani. Familia ya watu watano kutoka Dar inayooga mara mbili kwa siku inamaliza akiba ya wiki nzima. Oga kwa nusu ndoo. Siku ya pili nunua maji, madumu kadhaa ya lita 20, ujaze pipa la mama mkwe bila kutangaza. Ni zawadi ambayo ataitaja mwaka mzima kuliko kanga.

Mtwara na Lindi ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Bebeni vyandarua vyenu na kamba za kuvitundika, kwani wageni hulala sebuleni na watoto kwenye mikeka ambako hakuna chandarua cha kutosha. Mtoto akipata homa apelekwe zahanati apimwe siku hiyohiyo, msianze kumpa dawa za dukani. Kadi ya bima ya afya isisahaulike Dar, kama yetu ilivyosahaulika.

Kulala gesti mjini Newala kunaruhusiwa nyumba ikijaa, lakini usiku wa kwanza mlale nyumbani, hata kwa kubanana. Baada ya hapo mama mkwe mwenyewe ndiye aseme, "Hapa mnabanana."

Siku mkipata nafasi, wapelekeni watoto Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika na bonde la Ruvuma linaonekana hadi Msumbiji. Mchukueni na bibi. Yeye ndiye atakayewaeleza nani katika ukoo alivuka kutoka ng'ambo ile.

Kuaga

Tangazeni siku ya kuondoka mapema, siku tatu kabla, ili mwenye neno aliseme. Jioni ya mwisho wazee watawaita barazani. Hapo ndipo mambo ya kweli yanapotajwa: ada ya mtoto wa shemeji, paa la bibi, mahari iliyobaki. Usitoe ahadi ya kiasi. Sema, "Tumelisikia, tutalijibu mwezi wa pili," na mwezi wa pili ujibu, hata kama jibu ni dogo.

Watawajazia gari. Pokeeni mbaazi, kochoko, ming'oko, kuku hai mmoja ambaye atawasumbua hadi Kibiti. Korosho zilizobanguliwa sawa. Gunia la korosho ghafi likataeni kwa upole, hata likitoka kwa mjomba: korosho ghafi zinauzwa kwa utaratibu wa ghala na mnada, na kwenye kizuizi cha barabarani hawatajua kama ni zawadi au kangomba, yaani korosho zinazouzwa nje ya utaratibu huo. Mwambieni aibangue kidogo, nayo ataituma kwa basi.

Mkifika Dar pigeni simu usiku huohuo. Kwa mama mkwe kwanza, kisha kwa mjomba, sauti ya mume. Mtandao ukigoma, mtumie ujumbe shemeji mwenye duka, asubuhi kijiji kizima kitakuwa kimejua kuku naye amefika.